Mradi ukifika msituni: kijiji kifanye nini wakati wa Tathmini ya Athari kwa Mazingira

Gari linasimama chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Wanashuka vijana wanne wenye vifaa vya kupimia, mapanga na utepe mwekundu. Wanasaini kitabu cha wageni, wanaomba mtu wa kuwaongoza, wanaingia msituni. Jioni wanatoka na vumbi la miguuni na kuaga vizuri. Wiki mbili baadaye mtu aliyekwenda kukata fito anarudi na habari kwamba mitondoro ya upande wa bonde imefungwa utepe, na hapo ndipo kijiji kinaanza kuulizana.

Nimekuwa katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji huku kwetu Lindi kwa muda wa kutosha kuona jambo hili likijirudia. Naandika kwa ajili ya wenyeviti, watendaji, wajumbe wa kamati na yeyote anayeishi pembeni ya msitu wa umma, awe Kilwa, Liwale, Ruangwa, Nanyumbu au Tandahimba. Ninalotaka kulisema ni moja: siku ambayo kijiji kina nguvu zaidi katika tathmini, yaani uchunguzi wa madhara ya mradi kabla haujaanza, ni ile siku ya utepe, wakati wataalamu bado hawajajua wachunguze nini. Kadiri karatasi zinavyosonga mbele, ndivyo sauti yenu inavyozidi kuwa ndogo.

Hatua ya 1. Jueni msitu ni wa nani

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Chini ya hapo Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinaigawa ardhi katika makundi matatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo inaitaja misitu kwa mwenye kuisimamia: ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi.

Kwa mifano ya huku kwetu, Rondo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS. Mikoko ya pwani, kuanzia Kilwa hadi mdomo wa Ruvuma, ni hifadhi ya Serikali Kuu, hata kama inaota nyuma ya choo chako. Angai ya Liwale ni ya vijiji, na msitu wa Nanjirinji vilevile. Ipo pia misitu ya halmashauri, na hii ndiyo inayosahaulika kuliko yote kwa sababu mara nyingi haina bango wala mlinzi.

Kwa nini hili linatangulia? Kwa sababu linaamua mna nguvu kiasi gani. Msitu ukiwa ndani ya ardhi ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye neno juu ya matumizi yake. Ukiwa hifadhi ya taifa, ninyi ni jirani na mdau: mna haki ya kupewa taarifa, kusikilizwa na kukata rufaa, ila hamna kura ya kuuzuia mradi. Nalisema mapema kwa sababu nimeona watu wakiapa mkutanoni kwamba "tumekataa", kisha mradi ukaanza na wakavunjika moyo kabisa, kumbe walikuwa na njia nyingine nzuri ambazo hawakuzitumia.

Chukueni cheti cha ardhi ya kijiji na ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi kama mnayo. Mwiteni afisa misitu wa wilaya au mhifadhi wa TFS, na wazee wawili watatu, mtembee mpaka kwa miguu. Tafuteni bikoni, yaani alama za mpaka. Pale ilipong'olewa au kufukiwa, andikeni. Safari hii moja huokoa miaka ya ubishi.

Hatua ya 2. Ulizeni kama mradi una cheti cha mazingira, na msikubali karatasi nyingine badala yake

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka Tathmini ya Athari kwa Mazingira, TAM, ifanyike kabla mradi haujaanza wala kugharamiwa. Kanuni zake ni za mwaka 2005, zikarekebishwa mwaka 2018. Marekebisho hayo yaliigawa miradi katika makundi: A ni ile ambayo TAM kamili ni lazima, B1 ni ya katikati, ambayo inaweza kuhitaji au isihitaji baada ya kuchunguzwa, B2 ni midogo ambayo kwa kawaida andiko la mradi linatosha, na lipo kundi maalumu. Anayeamua mradi uko kundi gani ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Mwekezaji hajipangii kundi mwenyewe, na mwenyekiti wa kijiji hampangii.

Sheria ya Misitu inaongeza kufuli lake. Kifungu cha 18 kinataka tathmini pale shughuli za maendeleo kama uvunaji wa kibiashara, uchimbaji wa madini, barabara au mabomba zinapokusudiwa ndani ya hifadhi ya msitu au eneo nyeti la msitu, kama vile vyanzo vya maji. Na kifungu hicho hakimwachi mtu nje: Serikali ikifanya, nayo inahusika.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo vijiji vingi vinapopotezwa. Mtu wa madini atakuja na leseni. Leseni ni ya kweli, ina muhuri, ina ramani yenye namba. Ataiweka mezani na mtendaji atanyamaza. Kifungu cha 81 cha Sheria ya Mazingira kinasema wazi kwamba kibali au leseni iliyotolewa chini ya sheria nyingine yoyote haimpi mtu ruhusa ya kuanza mradi bila cheti cha TAM pale kinapohitajika. Leseni ya madini ya kinywe kule Ruangwa, kibali cha kuvuna magogo Liwale, barua ya kutoka wizara fulani: zote ni karatasi halali kwa kazi yake, na hakuna hata moja inayokaa badala ya cheti cha mazingira.

Swali la kuuliza ni fupi: "Mradi umesajiliwa NEMC? Tunaomba namba ya usajili na jina la mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa anayefanya tathmini." Likiulizwa kwa heshima na kuandikwa kwenye muhtasari pamoja na jibu lililotolewa, limeshafanya kazi yake. Kama jibu ni "bado", mjue mko mahali pazuri sana: mmewahi.

Hatua ya 3. Siku ya upembuzi wa wigo, mwagieni wataalamu kila mnachokijua

Baada ya kusajili mradi, mshauri mwelekezi, yaani yule mtaalamu wa mazingira, huja kijijini kukusanya hoja za awali. Kitaalamu huitwa upembuzi wa wigo. Kinachotoka hapo ni hadidu za rejea, yaani orodha ya mambo ambayo tathmini itayachunguza. Orodha hiyo ikishapitishwa, mtaalamu hulipwa kuichunguza hiyo tu. Jambo lenu lisipoingia pale, msishangae likikosekana kwenye taarifa ya kurasa mia tatu.

Nitawasimulia moja. Miaka kadhaa nyuma, mshauri wa kampuni fulani alitusomea orodha ya "matumizi ya msitu kwa jamii": kuni, nguzo, mkaa, asali, dawa za asili. Wanaume tuliokaa mbele tulitikisa vichwa kukubali. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa kwenye mkeka nyuma akanyoosha mkono. Akasema, "Mwanangu, hiyo karatasi yako ina ming'oko?" Yule kijana hakuwa mtu wa kusini, akauliza ming'oko ni nini. Kikao kizima kikacheka, lakini bibi hakucheka. Alisimama, akaeleza jinsi mmea unavyotambaa juu ya kichaka, jinsi unavyofuata shina hadi chini, unavyochimba kwa mti uliochongwa ncha mpaka mkono unazama hadi begani, na kwamba ukikata mzizi wote mwakani hupati kitu, kwa hiyo unaacha kipande na kukifukia. Akataja maeneo manne kwa majina yake. Kisha akasema ada ya shule ya mjukuu wake inatoka kwenye ming'oko ya kuchemsha, inayouzwa barabarani kwa chumvi na pilipili.

Kijana aliandika ukurasa mzima. Maeneo mawili kati ya yale manne yalikuwa ndani ya utepe mwekundu. Wanaume tuliokuwa kamati, mimi nikiwemo, hatukuwa tumeyaweka kwenye ramani yetu wenyewe.

Tangu siku ile tunafanya hivi kabla mshauri hajaja, au asubuhi ya siku anayokuja. Tunakaa makundi mbalimbali, si kundi moja: wanawake wenyewe kwa wenyewe, wazee, warina asali, wachoma mkaa, waganga, na kule pwani wavuvi na wale wanaokusanya chaza na kombe kwenye mikoko. Kila kundi linachora ramani chini, mchangani. Majivu ndiyo mto, punje za mahindi ndizo nyumba, maganda ya korosho ndiyo visima. Watu ambao hawatanyoosha mkono mbele ya mgeni huchora bila woga. Katibu anainakili kwenye karatasi kubwa, na karatasi hiyo ndiyo anayokabidhiwa mshauri huku nakala ikibaki ofisini.

Yapo mambo ambayo mgeni hayaoni hata awe msomi kiasi gani, na ni wajibu wenu kuyataja. La kwanza ni majira. Mtu akija Septemba akakuta bonde kavu ataandika "hakuna chanzo cha maji". Mwambieni kwamba Machi pale panajaa hadi kiunoni na ndipo mpunga unapolimwa. Ombeni uchunguzi ufanyike masika na kiangazi.

La pili ni usiku. Kwenye misitu ya Rondo na misitu mingine michache ya pwani anaishi komba mdogo aitwaye kwa jina la Rondo lenyewe, mnyama wa gramu 60 hivi, mkia wake umechanua manyoya kama brashi ya kusafishia chupa. Ni miongoni mwa wanyama wa jamii ya nyani walio hatarini zaidi duniani, na mchana amelala. Timu itakayopita saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri itaandika kwa uaminifu kabisa kwamba haikumwona. Ulizeni: mtakuja usiku?

La tatu ni njia za tembo, hasa Liwale, Tunduru ya jirani na Nanyumbu, ambako wanyama huvuka kati ya Tanzania na Msumbiji. Msitu ukikatwa upande mmoja, tembo hawatoweki. Wanahamia kwenye mihogo ya kijiji cha pili. Kwa hiyo hicho kijiji cha pili nacho kinahusika, na kitajwe. La nne ni mahali pa jando, unyago, matambiko na makaburi. Si lazima mseme siri zake. Inatosha kuonyesha eneo na kusema lisiguswe.

Hatua ya 4. Mkutano na karatasi zake

Kanuni zinamtaka mwenye mradi autangaze: mabango sehemu za wazi karibu na eneo, tangazo gazetini na redioni, kisha pale inapofaa mikutano na wananchi watakaoguswa, kueleza mradi na kupokea maoni ya mdomo au ya maandishi. Piga picha bango lilipobandikwa, na tarehe. Kama halikubandikwa, hilo nalo ni hoja.

Mkutano mkuu wa kijiji unajumuisha kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na kwa kawaida hufanyika kila miezi mitatu. Wa dharura unaweza kuitishwa. Msikubali kikao cha watu tisa ofisini kiitwe mkutano wa kijiji. Na tafadhali, msiuweke siku ya mnada wa korosho.

Kilichotuuma kuliko vyote kilikuwa karatasi ya mahudhurio. Tulisaini majina yetu, tukapokea posho ya soda, tukaondoka. Taarifa ilipotoka, orodha ile ile ilikuwa imebandikwa nyuma kama kiambatisho, na ndani yake mwili wa taarifa ukasema wananchi wameukubali mradi, "tazama saini". Kulikuwa na wazee pale waliokuja kwa sababu walisikia kuna mkutano wa pembejeo. Sasa hivi kila karatasi ya mahudhurio kijijini kwetu ina mstari wa juu ulioandikwa kwa herufi kubwa kabla mtu wa kwanza hajasaini: MAHUDHURIO TU. SAINI HII SI RIDHAA YA MRADI. Karatasi ya posho iwe nyingine, peke yake. Mistari mitupu iliyobaki chini ikatwe kwa kalamu ili lisiongezwe jina la mtu usiku.

Muhtasari aandike katibu wa kijiji, hata kama mshauri naye anaandika wake. Uwe mfupi na uwe wazi. Mfano:

"Mkutano umepokea maelezo ya mradi kutoka kwa mshauri. Mkutano haujatoa ridhaa. Wananchi wameeleza matumizi ya msitu kama yalivyo kwenye ramani iliyoambatishwa. Wameomba tathmini ichunguze maji ya bonde wakati wa masika, maeneo ya ming'oko, mizinga ya nyuki na njia ya tembo. Wameomba nakala ya muhtasari wa taarifa ya tathmini kwa Kiswahili iletwe ofisi ya kijiji kabla ya mkutano unaofuata. Waliozungumza: wanawake 11, wanaume 14."

Someni kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Mwenyekiti na mtendaji wasaini, mhuri upigwe, nakala moja apewe mshauri na asaini kupokea. Bila saini ya kupokea, mnaweza kuambiwa hamkuleta kitu.

Hatua ya 5. Kuisoma taarifa

Taarifa nzima huwa ya Kiingereza na nzito. Msiikimbie. Kanuni zinataka iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Uombeni kwa barua kama haujaletwa. Sheria ya mwaka 2004 pia inampa kila mtu haki ya kupata taarifa za mazingira zilizoko kwenye taasisi za umma. Kama kuna mwalimu wa sekondari au kijana aliyemaliza chuo, akae na kamati siku mbili apitie na taarifa kubwa.

Anzeni na sehemu inayoeleza mazingira yaliyopo, maana hapo ndipo uvivu hujionyesha. Nimewahi kusoma taarifa ya msitu wa huku pwani iliyotaja mianzi ya milimani na ukungu wa asubuhi. Aliyeiandika alichukua kazi ya mkoa mwingine akabadilisha jina la wilaya. Mkikuta mti msioujua, ulizeni. Na mkikosa mpingo, mkongo, mninga au mpangapanga mnayoikata kila siku kwa macho yenu, ulizeni vilevile.

Kisha nendeni kwenye njia mbadala. Tathmini inapaswa kueleza kama mradi ungeweza kufanywa kwa namna nyingine au mahali pengine, na ingekuwaje usipofanywa kabisa. Barabara ingeweza kufuata mkuza uliopo, yaani njia iliyokwisha kufyekwa? Kambi ya wafanyakazi ingeweza kukaa nje ya msitu? Watu waliopitiwa na mkuza wa bomba la gesi kutoka Madimba kwenda Dar es Salaam wanajua vizuri kwamba mita chache za kuhamisha mstari kwenye karatasi ni mikorosho mingi kwenye shamba la mtu.

Mwisho someni lile jedwali la mpango wa usimamizi wa mazingira. Kila athari inapaswa kuwa na hatua ya kuipunguza, mhusika, muda na gharama. Sentensi kama "miti itapandwa" haina maana mpaka iseme miti gani, mingapi, wapi, nani ataimwagilia mwaka wa pili. Kama ni mgodi, tazameni mpango wa kufunga. Shimo litafukiwa na fedha ya nani?

Hatua ya 6. Pelekeni maoni yenu kwa maandishi

NEMC ina ofisi ya Kanda ya Kusini mjini Mtwara. Barua ya kijiji iende huko, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri akiarifiwa afisa mazingira, na nakala kwa TFS kama msitu ni wa hifadhi ya taifa. Andikeni kama mnavyoandika barua ya serikali: kumbukumbu, tarehe, yahusu. Hoja ziwe na namba, kila hoja itaje ukurasa wa taarifa na kile mnachoomba kifanyike. "Tunaupinga mradi" peke yake ni maneno mawili tu. "Ukurasa wa 64 unasema hakuna makazi ndani ya mita 500, zipo kaya sita, majina na ramani vimeambatishwa, tunaomba zipimwe upya" ni hoja ambayo mpitiaji hawezi kuiruka.

Taarifa hupitiwa na kamati ya kitaalamu, ambayo yaweza kutembelea eneo, na Baraza linaweza kuitisha mkutano wa kusikiliza wananchi pale hoja zinapokuwa nzito. Ombeni mkutano huo ndani ya barua. Baadaye mapendekezo hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kuidhinisha. Asiyeridhika anaweza kwenda Baraza la Rufaa la Mazingira, chombo kilichoundwa na sheria ile ile. Muda wa kukata rufaa haungoji mtu, kwa hiyo siku mnayosikia cheti kimetoka ndiyo siku ya kumtafuta msaidizi wa kisheria.

Hatua ya 7. Na mradi ukiwa wetu wenyewe?

Hapa lazima tuwe wakweli, maana kijiji kinachomdai mwekezaji karatasi kisha chenyewe kinauza magogo usiku hakitasikilizwa na mtu.

Msitu wa hifadhi wa kijiji unahitaji mpango wa usimamizi uliopitishwa na mkutano mkuu, na sheria ndogo zilizopitia halmashauri ya wilaya. Kwa kuvuna, pimeni kwanza mlicho nacho. Kamati inapita kwenye mistari, inapima unene wa kila mti wa mbao kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka chini, inaandika aina na hali. Kutokana na hesabu hiyo ndipo panapatikana mpango wa uvunaji: aina gani, mingapi kwa mwaka, kitalu kipi, kitalu kipi kinapumzika. Kisha kuna kamati ya uvunaji ya wilaya chini ya mkuu wa wilaya, magogo kugongwa nyundo, na hati ya kusafirishia. Afisa misitu wa wilaya ataeleza ngazi hizo kwa utaratibu wa mwaka husika, kwani kanuni za uvunaji zilibadilishwa mwaka 2019.

Kinachonigusa mimi ni yale maamuzi madogo ndani ya kitalu, ambayo hakuna afisa atakayekuja kuwafanyia. Mpingo wenye mashina matatu mazuri, liachwe moja la mbegu. Mti wenye pango lenye nyuki hauna mbao ya maana hata hivyo, uacheni. Sheria inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo pimeni mita hizo kwa kamba na mfunge alama kabla msumeno haujawashwa. Gogo likiburutwa, lipite njia moja, lisilime mifereji mitano ambayo masika itageuza makorongo.

Inawezekana. Kikole na Kisangi, vijiji vya Kilwa, vilikuwa mwaka 2009 vya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii kupata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu, vikisaidiwa na shirika la Mpingo lenye makao yake Kilwa. Mpingo ule ule unaochongwa na Wamakonde vinyago ndio unaotengeneza zumari za muziki wa Ulaya, na mnunuzi wa huko analipia zaidi akijua gogo limetoka wapi. Baadaye kijiji cha Nanjirinji A kilifanya ujenzi kwa fedha ya mbao zake. Daftari la kupimia miti ndilo lililowafikisha pale.

Hatua ya 8. Baada ya cheti

Cheti cha TAM hutolewa na masharti. Ombeni nakala ya masharti hayo na muyabandike ofisini kwa Kiswahili chepesi. Mradi utakaguliwa kipindi hadi kipindi, na mkaguzi akija atauliza kijiji kina kumbukumbu gani.

Kwetu kumbukumbu ni daftari kubwa la mistari lenye jalada gumu, linalokaa kwenye sanduku la bati pamoja na cheti cha ardhi, ramani, mihtasari na nakala za barua zenye saini za kupokea. Jumamosi ya kwanza ya mwezi watu wawili wa kamati, mwanamke na mwanaume, huzunguka sehemu zile zile saba. Kwenye kisima cha bondeni wanatumbukiza fimbo ya mpingo iliyochongwa alama kila sentimita kumi, wanasoma maji yamefika wapi, wanaandika. Wanapiga picha kutoka kwenye jiwe lile lile, wakielekea mti ule ule. Wanasaini. Kama maji yameshuka zaidi ya ilivyokuwa mwezi kama huo mwaka uliopita, barua inaandikwa Jumatatu.